Ndimu iliyogeuka limau

Mama anayeniuzia matunda pembeni mwa soko la Virunga, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hupanga mali yake juu ya turubai, mafungu ya matano matano. Siku hiyo alikuwa na ya aina mbili. Kushoto vitunda vidogo vya mviringo, kijani, ganda jembamba linalong'aa. Kulia matunda makubwa zaidi, ya manjano, marefu kama yai, na chuchu mwishoni. Nilipoinama kuchukua fungu la kijani akanizuia kwa mkono.

"Papa, kamata ya manjano. Hiyo ingine haijaiva."

"Mama, hii ni ndimu. Ile ni limau."

"Yote ni ndimu. Hii ni mutoto, ile ni mukubwa yake."

Kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekuwa anapumzika kando akaikata kesi kwa Kifaransa: zote ni citron, moja vert, moja jaune, mambo yaishe. Nilinunua mafungu mawili, moja la kila aina, nikaondoka bila kumshawishi mtu.

Simlaumu yeyote kati yao. Mimi mwenyewe niliwahi kuchanganya hivyo hivyo na ikanigharimu miaka minne. Nitafika huko. Lakini tuanze na jina, maana ndilo lililofunga fundo la kwanza.

Kiswahili cha vitabuni kinatenganisha vizuri kabisa: mdimu huzaa ndimu, mlimau huzaa limau. Hapa Goma neno ndimu limebeba yote mawili, pengine kwa sababu jirani zetu wanaosema Kinyarwanda nao wana neno lao moja, indimu. Ukitaka kukwepa utata kwa kukimbilia Kifaransa, unaingia kwenye utata mwingine. Citron ni limau. Citron vert ni ndimu. Sasa mtu akisikia "vert" anawaza nini? Anawaza kwamba ni tunda lile lile, ila bado bichi. Kifaransa kina neno lake la ndimu, lime, lakini sijawahi kulisikia sokoni. Na ukivuka kwenda Kiingereza, neno citron linahamia kwenye tunda la tatu kabisa, likubwa, lenye ganda nene kama sifongo na maji kidogo, ambalo Wafaransa huliita cédrat.

Hilo la tatu ndilo baba. Wataalamu waliochunguza vinasaba vya jamii hii ya matunda wamegundua kwamba ndimu ndogo ilitokana na cédrat kupandana na mti mmoja wa porini wa kusini-mashariki mwa Asia unaoitwa Citrus micrantha. Limau nalo lilitokana na cédrat huyo huyo kupandana na mchungwa mchungu. Kwa hiyo ndimu na limau ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Wanafanana uso, wana ukali mmoja wa baba, lakini mmoja hawezi kukua akawa mwingine, kama vile kaka yako hawezi kukua akawa wewe.

Kisha kuna ndimu kubwa isiyo na mbegu, ile wanayoiita ya Tahiti au ya Kiajemi. Hiyo ni mtoto wa ndimu ndogo na limau, yaani hawa ndugu wawili walizaa tena wao kwa wao. Kwenye mimea hakuna anayeita wazee kuketi baraza kwa jambo kama hilo.

Mama wa sokoni, hata hivyo, alikuwa na ukweli wa nusu. Ndimu ikiachwa juu ya mti hadi ichoke, inageuka manjano na kudondoka yenyewe. Na limau nalo lilikuwa kijani kabla ya kuwa manjano. Kwa hiyo kijani na manjano ni hatua za kila tunda kwa zamu yake, si alama ya kutenganisha aina. Tunachofanya ni kuchuma ndimu ikiwa kijani, kwa sababu ndipo harufu yake ni kali na ganda linavumilia safari, na kuchuma limau likiwa manjano. Mazoea ya mchumaji yamegeuka kuwa sheria ya rangi.

Rangi yenyewe inategemea baridi kuliko tunavyofikiri. Ganda la jamii ya machungwa hupoteza ukijani wake usiku unapopoa. Ndiyo maana chungwa la Kisangani, kwenye joto la usiku na mchana, linaweza kuwa tamu kabisa ndani huku nje likibaki kijani. Yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, anayeishi Lubumbashi ananiambia kwamba mwezi wa 6 na wa 7, usiku unapokuwa na baridi ya kuvaa sweta, mti wake uani unawaka manjano kama taa. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi na sisi Goma tuko karibu 1,500, lakini sisi tuko jirani na mstari wa Ikweta, baridi yetu haipandi wala haishuki sana mwaka mzima. Wao wako mbali kusini, kiangazi chao kirefu kina usiku mkali. Tunda moja, miji miwili, rangi mbili.

Ukitaka kujua unachonunua, usiulize rangi. Likate. Nyama ya ndimu ni ya kijani-kijani hata ganda likiwa manjano. Nyama ya limau ni manjano hafifu. Ganda la ndimu ni jembamba kama karatasi ya daftari, la limau lina unene na weupe ndani. Na harufu: kwaruza ganda kwa ukucha kisha unuse. Ukishaizoea hutakosea tena hata gizani.

Sasa miaka yangu minne.

Nilinunua mche wa ndimu kwa muuzaji wa miche aliyeniapia kwamba umegrefiwa, yaani umebebeshwa kwa ustadi. Alisema kweli. Palikuwa na kovu dogo la mshono, kiganja kimoja juu ya udongo, na juu yake majani madogo yenye harufu ninayoijua. Niliupanda, ukashika. Mwezi wa tatu mbuzi wa jirani akapita kwenye ua akala sehemu yote ya juu. Nilihuzunika, kisha nikafurahi, maana baada ya majuma machache shina likachipua tena kwa nguvu za ajabu. Miiba mirefu, majani mapana, kimo kikapita changu. Niliwaonyesha wageni. Mwaka wa nne likazaa, na matunda yakawa makubwa, ya manjano, ganda limejaa vinundu kama ngozi ya chura, mbegu tele, maji kiduchu.

Jirani akasema udongo wa volkano ndio umeugeuza mti. Wengine wakasema mambo mengine, ambayo sitayaandika. Ukweli ni mdogo na unaudhi: mche wa kubebeshwa ni miti miwili. Chini kuna mizizi na kipande cha shina cha mti mmoja, mara nyingi limau lenye ganda la vinundu, linalopendwa kwa mizizi yake yenye nguvu na uvumilivu wa ukavu. Juu ya mshono kuna tawi la ndimu unayoitaka. Mbuzi alikula ndimu. Kilichochipua ni mtumishi wa chini, na mtumishi akawa bwana wa nyumba. Mti haukugeuka chochote. Ule niliounyeshea miaka minne haukuwahi kuwa mdimu.

Kwa hiyo, ukinunua mche uliobebeshwa, tafuta mshono kwanza. Ukiuona, ujue kila chipukizi linalotoka chini yake ni la kung'oa lingali laini, kwa vidole, si kukata kwa kisu kisha likaota mawili. Ukiona chipukizi lenye vijani vitatu vitatu kwenye kikonyo kimoja, hata usijiulize, hiyo ni aina nyingine ya shina la chini, nayo ni ya kung'oa vilevile. Na mbuzi wafungwe.

Je, mtu hawezi kupanda mbegu tu akaepuka haya yote? Kwa ndimu ndogo anaweza, na hapa mti huu una maajabu yake. Zika mbegu moja kwenye kopo, na mara nyingi zitatoka chipukizi mbili au tatu. Ndani ya mbegu moja kuna viinitete kadhaa, na vingi kati yake havina baba: vimetokana na mwili wa mama mtupu, bila chavua. Miche hiyo ni mama mwenyewe amezaliwa upya, tunda lile lile, harufu ile ile. Mbegu ya parachichi huwezi kuitegemea hivyo. Ila mbegu ya ndimu haipendi kukaushwa. Ioshe, ipande siku hiyo hiyo au kesho yake. Halafu uwe na subira, kwa sababu mti wa mbegu unataka miaka minne, mitano, hata zaidi kabla ya kuzaa, na utotoni una miiba ya kutoboa kandambili. Wa kubebeshwa huanza mwaka wa pili au wa tatu. Ndimu ya Tahiti haina mbegu, hivyo kwake hakuna njia ya kopo.

Kupanda Goma ni kazi ya mawe. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya Mei 2021 ikasimama ukingoni, na chini ya hizo kuna za zamani zaidi. Kwangu ukichimba kiganja kimoja unagonga mwamba. Mti hauhitaji shamba, unahitaji shimo la upana wa beseni kubwa la kufulia na kina cha kufika kiunoni, lililojazwa udongo na samadi iliyooza. Udongo wangu uliletwa kwa chukudu, gunia kwa gunia. Kabla ya kuujaza nilifanya jaribio ambalo ningemshauri kila mtu: nilimimina ndoo mbili za maji shimoni jioni. Asubuhi yalikuwa yamekwisha, yamepenya kwenye nyufa. Kama yangekuwepo bado, lile lingekuwa chungu cha mawe, si shimo, na mizizi ya ndimu hufia kwenye maji yaliyotuama.

Mtu wa Bukavu ana tatizo lililo kinyume. Udongo wao mwekundu wa mfinyanzi ni mwingi, unashika maji, na mvua zao hazina huruma. Huko mti uketi juu kidogo, kwenye kichuguu, mshono uwe mbali na udongo, na majani ya kufunikia yasiguse shina. Ukipita nyumba yenye mdimu unaotoa gundi ya kahawia kwenye shina karibu na ardhi, umeona ugonjwa wa kuoza shina unaoletwa na unyevu huo. Mara nyingi aliyeupanda aliuzika kwa kina kupita kiasi, akidhani anauimarisha.

Majivu nayo yana hadithi. Sote tuna majivu ya makala, yaani makaa ya kupikia, na sote tumefundishwa kuyamwaga kwenye mimea. Kwenye udongo mchachu wa Bukavu au Lubumbashi konzi moja moja inasaidia, inapunguza uchachu na kuongeza potasi. Udongo mchanga wa lava hauna uchachu huo. Ukizidisha majivu hapa, chuma kilichomo ardhini kinafungika, mizizi haiwezi kukinywa, na majani mapya yanatoka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nimeona mtu akiona manjano hayo akaongeza majivu. Kama manjano yameanzia kwenye majani ya zamani, hiyo ni njaa nyingine, ya naitrojeni, na dawa yake ni samadi.

Maji: mche usikauke kiangazi cha kwanza na cha pili, hata kama bidoni, yaani dumu la maji, inatoka mbali. Mti mkubwa acha uone kiu kidogo mwezi wa 7 na wa 8. Kiu hiyo ndiyo inayouamsha. Mvua za kwanza za Septemba zikigonga ardhi kavu, maua meupe hutoka kwa pamoja, na miezi mitano hivi baadaye una ndimu.

Kuna mdudu mmoja tu nitakayemzungumzia kwa urefu, kwa sababu karibu kila mdimu wa milima yetu unaye na karibu kila mwenye mti anamsingizia mwingine. Chukua jani jipya uligeuze. Ukiona juu vipele vilivyoinuka na chini yake vishimo vidogo, na kwenye kila kishimo kitu bapa cha manjano kimelala, huyo ni mtoto wa kidudu kinachonyonya utomvu. Mama yake ni mdogo kama chawa mwenye mabawa, akiketi hutega makalio juu. Jina lake la kisayansi ni Trioza erytreae. Anapenda baridi na unyevu, anachukia joto kavu, kwa hiyo Uvira kando ya Tanganyika ana shida, na kwetu na Bukavu yuko kwake. Vipele vyenyewe haviui mti. Kinachoua ni bakteria anayembeba, wa ugonjwa wa manjano: tawi moja linageuka rangi kwa mabaka, upande mmoja wa jani haufanani na mwingine, matunda yanakuwa madogo, yamepinda, machungu, mbegu zimenyauka. Dawa haipo. Mti wenye dalili zote hizo hung'olewa na kuchomwa, usije ukawa chanzo cha mtaa mzima. Wenye vipele tu, chuma majani yaliyoathirika zaidi, puliza maji ya sabuni kwenye chipukizi, uendelee na maisha.

Na kiwavi kinachofanana na kinyesi cha ndege juu ya jani ni mtoto wa kipepeo mzuri mweusi mwenye madoa ya manjano. Mguse, atatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu mbaya. Muokote kwa mkono. Watoto wangu hulipwa pipi kwa kila kiwavi, na nashuku wameanza kuwafuga.

Nilisema jina lilifunga fundo. Liliwahi kuangusha watu pia. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, alichukua mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuoza na majeraha ya zamani kufunguka, akawagawa wawili wawili na kuwapa vitu mbalimbali. Waliopewa machungwa na malimau walipona ndani ya siku chache. Jeshi la majini lilichelewa, lakini kuanzia 1795 likawapa mabaharia wake maji ya limau, na kiseyeye kikatoweka melini. Katikati ya karne ya 19 wakubwa wakaona nafuu ya kununua ndimu za visiwa vya Karibi, walikokuwa na mashamba yao, badala ya malimau ya Bahari ya Kati. Lugha yao ya wakati huo ilichanganya matunda haya mawili kama tunavyochanganya sisi. Ndimu ni kali zaidi mdomoni, basi wakadhani ina nguvu zaidi. Msafara wao wa kwenda ncha ya kaskazini mwaka 1875 ulirudi 1876 ukiwa umelazwa na kiseyeye, ingawa chupa za maji ya ndimu zilikuwepo.

Kilichokuwa kinaponya si ukali, ni vitamini C. Gramu 100 za limau zina kama miligramu 53, za ndimu kama 29. Tena maji yale yalikaa muda mrefu na kupitishwa kwenye vyombo vya shaba, na shaba huiharibu vitamini hiyo. Mwaka 1918 watafiti wa taasisi ya Lister, London, walithibitisha kwamba maji ya ndimu ni dhaifu kuliko ya limau kwa kutumia simbilisi, wale wale tunaowafuga chini ya vitanda hapa Kivu. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Ndiyo maana ukimnyima majani mabichi anadhoofika.

Tuingie jikoni. Sambaza wa ziwa letu, waliotolewa Tanganyika na kupandwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, hukaangwa na kuliwa na ndimu na pilipili, na si kwa ladha tu. Harufu ya samaki hutoka kwenye vitu vyenye tabia ya magadi vinavyoruka hewani. Asidi ya ndimu huvigeuza kuwa chumvi, na chumvi hairuki. Ndimu haifuniki harufu, inaizuia isifike puani. Vivyo hivyo ukinawa mikono kwa kipande cha ganda baada ya kuparua samaki. Lakini samaki mbichi aliyegeuka mweupe kwenye maji ya ndimu hajaiva. Umbo la nyama limebadilika, minyoo inaweza kuwa hai.

Kamulia sahanini, si chunguni. Vitamini C haipendi moto wala kusubiri. Na usihifadhi maji ya ndimu kwenye sufuria ya alumini: asidi hula alumini hiyo, na utaionja. Chupa ya kioo ni rafiki zaidi.

Shangazi zangu wote, bila kukosa mmoja, huamini kwamba ndimu inakausha damu. Msichana akiwa katika siku zake ananyang'anywa. Ninawapenda na ninawabishia. Chuma kilicho kwenye sombe (majani ya muhogo), lengalenga na maharage ni kigumu kufyonzwa na tumbo, na vitamini C ndiyo inayokifungulia mlango. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu anayekamulia ndimu kwenye sombe anapata chuma zaidi kutoka sahani ile ile. Kinachomwibia ni chai nzito anayokunywa mara tu baada ya kula. Lakini hakuna shangazi aliyewahi kukataza chai. Wenye vidonda vya tumbo wana haki ya kuiogopa ndimu, kwa sababu nyingine.

Kipindupindu ni jambo ambalo Goma haihitaji kufundishwa. Julai 1994 kiliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kando ya barabara zetu, na mpaka leo hakijatuacha. Kidudu chake kinachukia asidi. Katika mlipuko wa miaka ya 1990 huko Guinea-Bissau, watafiti waliona kwamba waliotia maji ya ndimu kwenye mchuzi wa wali walipata kinga kuliko wasiotia, na kwenye maabara asidi ile ilimzuia kidudu kukua ndani ya chakula. Hilo ni la chakula kilichopikwa na kubaki. Maji ya kunywa yatiwe klorini au yachemshwe. Vipande viwili vya ndimu kwenye bidoni ya lita 20 ya maji ya ziwa havifanyi lolote zaidi ya kuleta harufu nzuri.

Nimebakiza ngozi. Mpwa wangu, binti wa miaka 17, alisoma mahali kwamba ndimu inang'arisha uso. Akajipaka asubuhi, akaenda kuanika nguo. Siku hiyo hakuona kitu. Kesho yake mashavu yakawa mekundu, keshokutwa yakapata malengelenge, na kwa miezi akabaki na michirizi meusi mahali maji yalipotiririka, mpaka shingoni, hata umbo la vidole vyake lilionekana. Walidhani ni mzio, wengine wakadhani mafuta mabaya. Ndani ya ganda na maji ya ndimu kuna vitu vinavyolala kimya mpaka viguswe na jua, ndipo vinachoma. Na jua la mita 1,500 karibu na Ikweta si la mchezo. Hata mtoto anayekamua ndimu akicheza nje anaweza kuungua hivyo mikononi. Nawa kwa sabuni kabla ya kutoka. Usoni usipake kabisa.

Lile fungu la ndimu nililonunua Virunga niliacha mbili dirishani, makusudi. Baada ya siku kadhaa zikawa manjano, ndogo vile vile, mviringo vile vile. Nikazirudisha kwa mama, nikaomba kisu chake, nikakata moja yangu na moja ya yale malimau yake, nikaziweka pamoja juu ya turubai. Alitazama ile nyama ya kijani, akainusa, akatazama lile jingine. Akaita mwenzake wa nyanya aje aone.

"Kweli," akasema. "Hii mutoto imezeeka na haikukuwa mukubwa."

Kisha akayapanga upya mafungu ya kushoto, akatoa ndimu moja katika kila fungu. Nne kwa bei ile ile ya tano.

"Sasa hii ni kitu ya pekee, papa. Njo wewe mwenyewe umesema."